Baada ya Mazishi ya Profesa: Namna ya Kumkumbuka Mwanasayansi Aliyetulea

Mwanasayansi anapofariki katika sehemu zetu hizi, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kuendelea mpaka Busia, watu hujua la kufanya katika siku za kwanza. Kamati ya mazishi huundwa, nambari ya kutuma michango husambazwa katika makundi ya WhatsApp, tangazo husomwa redioni kwa lugha ya nyumbani, na mwili husafirishwa kutoka mji wa kazi hadi boma la wazazi. Mwongozo huu hauongezi lolote katika mambo hayo, kwa kuwa jamii zetu zinayamudu vizuri. Unawahusu wanafunzi, wasaidizi na wafanyakazi wenzake ambao, baada ya kaburi kufunikwa, hurudi kazini na kukuta mlango wa ofisi yake umefungwa, madaftari yake yamo ndani, mbegu zake zimo kwenye jokofu, na hakuna aliyeteuliwa kuvitunza.

Ninaamini kwamba mwanasayansi amekumbukwa kwa haki pale ambapo mtu ambaye hakuwahi kumwona anaweza kufungua kumbukumbu zake, akaelewa alichokiona, akakipima upya, na ikibidi akamkosoa. Picha yake ukutani na maua juu ya kaburi ni haki ya familia, na ni vyema viwepo, lakini havitoshi kwa mtu aliyeutumia umri wake kuuliza maswali na kuandika majibu. Ninaandika kutokana na kazi tuliyoifanya, wanafunzi wenzangu nami, kwa ajili ya mwalimu wetu aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa ya ngano huko Njoro na ambaye alizikwa kwao Vihiga. Kwa hiyo mifano mingi itatoka shambani. Aliyefiwa na mtafiti wa malaria mjini Kisumu, au na mtaalamu wa samaki wa Ziwa Victoria, ataondoa ngano na kuweka mbu au mbuta, na hatua zitabaki karibu zile zile.

Viumbe hai na wanafunzi haviwezi kungoja

Kabla ya kufikiria hotuba au sanamu, ulizeni ni kitu gani alichokuwa akikitunza ambacho kitakufa msipokigusa wiki hii. Katika maabara nyingi kipo. Kuvu wa kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, kwa mfano, hawaoti kwenye sahani ya maabara kama kuvu wengine. Wanaishi juu ya mmea hai tu, au huhifadhiwa kama vumbi la mbegu zao katika baridi kali sana. Sampuli iliyokusanywa kwa taabu kutoka shamba la mkulima wa Mau Narok inaweza kupotea kwa sababu tu hakuna aliyemwagilia miche iliyoibeba. Vivyo hivyo kwa mbu wanaofugwa katika vizimba, samaki walio katika matangi, na mbegu zilizoachwa mezani kwenye bahasha zikisubiri kupelekwa mahali pakavu penye baridi. Mwombeni mkuu wa idara ruhusa ya maandishi ili fundi wa maabara aliyezoea kazi hiyo aendelee nayo, na mhakikishe kwamba ujira wake haukatizwi, kwa maana mara nyingi vibarua wa mradi husimamishwa pindi jina la mwenye mradi linapoondolewa kwenye karatasi za malipo.

Jambo la pili lisilongoja ni wanafunzi wake wa uzamili na uzamifu. Mwanafunzi aliyefiwa na msimamizi hulia kama wengine, lakini pia hubaki na tasnifu isiyo na mtu wa kuitia saini. Mmoja wenu mkubwa aandamane naye hadi ofisi ya masomo ya uzamili, barua ya kuomba msimamizi mpya iandikwe, na nakala ya sura ambazo marehemu alikuwa amezisahihisha zihifadhiwe pamoja na maandishi yake pembeni. Maoni hayo ya pembeni yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu ndiyo mafundisho yake ya mwisho kwa mwanafunzi huyo.

Namna ya kuizungumzia kazi na familia

Hapa pana haja ya adabu na pia ya kuijua sheria. Msiende nyumbani kwa marehemu kuomba makaratasi kabla ya maziko. Mkifika baada ya siku za matanga kuisha, nendeni wachache, mwe na mtu mzima ambaye familia inamfahamu, na mzungumze na mjane pamoja na yule ndugu ambaye ukoo umemteua kusema kwa niaba yao. Maneno yasiwe mengi: "Mama, pole sana. Tumekuja kukujulisha kwamba Profesa aliacha madaftari ya kazi, mengine ofisini na mengine huenda yako hapa nyumbani. Tungependa kuyatunza kwa niaba yenu na ya kituo, na hatutaondoka na hata karatasi moja bila ya wewe kujua." Kisha nyamazeni, mjibiwe. Ikiwa jibu ni kwamba muda haujafika, kubalini, mrudi wakati mwingine.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama au ya sheria yenyewe, na kifungu cha 45 kinalifanya kosa hilo kuwa la jinai. Kompyuta aliyoinunua kwa pesa zake ni mali yake, hata kama ndani yake mna takwimu za mradi mliofanya pamoja. Kwa upande mwingine, daftari la shambani lililoandikwa kazini kwa kawaida ni la mwajiri, yaani chuo au kituo cha utafiti, na familia haina budi kuelezwa hivyo kwa upole. Haki za kunakili za maandishi yake binafsi hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo, nazo ni za warithi. Andikeni orodha ya kila kitu kinachohamishwa, kikitajwa kilikotoka na kinakopelekwa, itiwe saini na mtu mmoja wa familia na mmoja wa kituo, na kila upande ubaki na nakala. Tumeona udugu wa miaka mingi ukiingia nyufa kwa sababu ya kisanduku kilichobebwa kwa nia njema bila kuandikwa popote.

Kuhusu simu, barua pepe na neno la siri, msijaribu kubahatisha. Iombeni ofisi ya kompyuta ya chuo isifute akaunti yake ya kazi, na hiyo ya binafsi waachieni familia.

Kumweleza mbele ya waombolezaji

Wasifu unaochapishwa katika kijitabu cha mazishi huwa na mpangilio unaojulikana: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kazi, ugonjwa. Sehemu ya kazi mara nyingi hujaa vyeo, na mwombolezaji aliyesafiri kutoka Mbale hadi kaburini huondoka akijua kwamba marehemu alikuwa mtu mkubwa bila kujua alifanya nini. Mkipewa nafasi ya kuongea, hata dakika tano, itumieni kueleza kazi hiyo kwa lugha ambayo shangazi yake ataifuata.

Kwa mtaalamu wetu maelezo yalikwenda hivi. Mwaka wa 1998 nchini Uganda iligunduliwa aina ya kutu ya shina iliyoweza kuangusha ngano ambayo kwa miongo mingi ilikuwa salama, kwa sababu ilikuwa imeushinda ulinzi wa jeni inayoitwa Sr31 ambayo wazalishaji wa mbegu duniani kote walikuwa wakiitegemea. Aina hiyo ikapewa jina la Ug99, yaani Uganda 1999, mwaka ilipothibitishwa. Upepo hauna mpaka. Katika miaka michache ilikuwa imefika Kenya na Ethiopia, kisha ikavuka bahari hadi Yemen. Mwaka wa 2005 Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1970 kwa kazi yake ya ngano, alitoa tahadhari kwa dunia nzima, na tangu wakati huo Njoro imekuwa mahali ambapo ngano za mataifa mengi huletwa kupandwa, misimu miwili kila mwaka, ili ionekane ni zipi zinazostahimili na ni zipi zinazoanguka. Mzee huyu mliyekuja kumzika alikuwa miongoni mwa watu waliotembea katika mistari hiyo ya ngano wakiitazama mmoja baada ya mwingine. Chapati inayoliwa Lahore na ile inayoliwa Luanda hapa Vihiga zinategemea kazi ya namna hiyo.

Angalieni neno "miongoni". Kishawishi cha mazishi ni kumfanya marehemu mvumbuzi wa kila kitu, nayo sayansi haifanywi hivyo. Alishirikiana na wengine, wengi wao wamekaa chini ya hema hilo hilo wakisikiliza, na sifa ya uongo huwaondolea heshima wote. Semeni alichokifanya kwa kipimo chake, na mseme pia siku aliyobadilisha mawazo. Mwalimu wetu aliwahi kusimama mbele ya semina ya idara na kutangaza kwamba hitimisho alilolitetea kwa misimu kadhaa lilikuwa na kasoro, kwa kuwa vitalu vya upande mmoja vilikuwa vikipata maji zaidi ya vingine, kisha akawashukuru vijana waliomwonyesha. Kisa hicho ndicho kilichowafanya wazee wa Vihiga watikise vichwa kwa kukubali, kuliko orodha yoyote ya shahada.

Magharibi mwa Kenya kuna hazina ya usemi wa maombolezo ambayo wasomi huisahau. Miongoni mwa Wabukusu na Watachoni, mzee mwenye hadhi huweza kufanyiwa kumuse, ambapo msemaji maalumu husimama mbele ya umati na kusimulia ukoo, historia ya watu na mwenendo unaofaa kuigwa. Mkialikwa mahali penye desturi hiyo, mkutane na msemaji mapema na mmweleze kazi ya marehemu kwa utulivu. Atachagua mwenyewe cha kusema, naye atakisema vizuri kuliko ninyi.

Madaftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mtafiti mali yenyewe ndiyo daftari. Sehemu hii ndiyo inayohitaji muda mwingi, na ningependa msomaji aipe subira kuliko nyingine zote.

Daftari la shambani la mwalimu wetu lilikuwa dogo la kutosha kuingia mfukoni, lenye jalada gumu lililopauka kwa jua. Alikuwa akiinama, anaushika mmea, anabandua ala ya jani kwa kidole gumba ili aone shina lililofichika, na unga wa rangi ya tofali ukabaki kidoleni. Kisha anaandika mbele ya nambari ya kitalu: 40 MS. Nambari ya kwanza ni asilimia ya shina iliyofunikwa na kutu. Herufi zinaeleza jinsi mmea unavyoupokea ugonjwa, kuanzia R kwa unaostahimili, kupitia MR na MS walio katikati, hadi S kwa unaoshindwa kabisa. Aliandika kwa penseli kila siku, na aliwakataza wanafunzi kalamu ya wino, kwa sababu mvua ya alasiri ya Njoro huosha wino lakini haioshi risasi ya penseli. Katika kurasa zake mna alama za vidole vyenye vumbi hilo la kutu. Msizifute.

Anzeni kwa kuyapanga kama alivyoyaacha. Kabla ya kugusa rafu, pigeni picha ya rafu nzima, kwa kuwa mpangilio wake wenyewe ni habari; daftari lililolazwa juu ya jingine huenda ndilo alilokuwa akilifanyia kazi. Kila daftari lipewe nambari kwa penseli laini ndani ya jalada la nyuma, wala si kwa kibandiko cha gundi. Ondoeni taratibu pini za chuma, klipu na raba, maana chuma huingia kutu na raba huyeyuka ikaganda kwenye karatasi. Karatasi iliyokuwa imechomekwa katikati ya kurasa ibaki pale pale, na ukurasa wake uandikwe kwenye orodha. Kisha yawekwe katika maboksi safi yenye vifuniko, juu ya rafu iliyoinuka kutoka sakafuni na iliyo mbali na ukuta wa nje. Nakuru hewa ni kavu kiasi, lakini mkiyapeleka Kisumu au kijijini ambako unyevu ni mwingi na mchwa hawachoki, yakaguliwe mara kwa mara, na vifuko vya kunyonya unyevu vibadilishwe.

Baada ya hapo yapigwe picha. Skana nzuri ikipatikana chuoni ni bora, lakini simu ya kawaida inatosha ikiwa kazi itafanywa kwa uangalifu. Mkae karibu na dirisha, mchana, pasipo jua la moja kwa moja na bila kuwasha flashi. Daftari liwe bapa, simu iwe imeshikiliwa juu yake na kitu kisichotikisika, na kila picha ioneshe ukurasa mzima hadi pembe zake, hata kama ukurasa ni mtupu. Anzeni na jalada. Jina la faili liwe na mwaka, nambari ya daftari na nambari ya ukurasa, kwa mpangilio huo huo kila mara, ili kompyuta izipange zenyewe. Tunzeni nakala tatu: moja kwenye kituo, moja kwenye diski iliyo mikononi mwa familia, na moja katika hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa na taasisi, si na mtu binafsi ambaye naye anaweza kuhama au kufa.

Picha peke yake haitoshi, kwani mwandiko wa mtu ni wake. Andaeni kurasa chache za ufunguo zinazoeleza vifupisho vyake: ile alama ya nyota aliyoiweka kwenye mistari aliyoipenda, herufi alizotumia kwa majina ya mashamba, na namna alivyokata nambari aliyoiona si sahihi. Kazi hii ifanywe sasa, wakati wale waliotembea naye vitaluni bado wanakumbuka. Miaka 10 ijayo hakuna atakayejua kwamba mstari wa wimbi chini ya nambari ulimaanisha "rudi uangalie tena kesho".

Ikiwa madaftari yana majina ya wakulima, wagonjwa au watu waliohojiwa, hayafai kuwekwa wazi kwa umma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamlinda mtu huyo, na hata bila sheria, mkulima aliyemwambia Profesa kwamba shamba lake lilishindwa alimwambia yeye.

Na zile mbegu? Ikiwa kuna aina alizozikusanya zenye kumbukumbu kamili, andikeni barua na mzipeleke kwenye benki ya kitaifa ya jeni iliyoko Muguga, ambayo kazi yake ni hiyo. Bahasha ya mbegu isiyo na tarehe wala mahali ilikotoka haitawasaidia, kwa hiyo linganisheni kwanza bahasha na madaftari.

Waulizeni ambao hawaalikwi kuongea

Wenzake maprofesa wataandika tanzia zao katika majarida, nao watazifanya vyema. Wengine hamtawasikia msipowatafuta: dereva aliyempeleka Bomet na kumrudisha usiku, fundi aliyetayarisha vitalu, mama aliyeajiriwa kila msimu kufukuza ndege wasile ngano inayokomaa, mkulima wa Molo aliyebishana naye juu ya dawa ya ukungu. Hawa ndio waliomwona akiwa amechoka na wakajua alivyowatendea watu alipokuwa na haraka.

Nendeni kwao, msiwaite ofisini. Mrekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na mwanzoni mwa rekodi mtaje tarehe, mahali, na jina kama mhusika amekubali litajwe. Waacheni waseme kwa lugha wanayoiotea ndoto, iwe Kimaragoli, Kijaluo, Kikuyu au Kikalenjin. Tafsiri itafanywa baadaye. Swali la "Alikuwa mtu wa namna gani?" huleta jibu la msibani, kwamba alikuwa mtu mzuri na mcheshi. Ulizeni badala yake: "Alikufundisha nini ambacho bado unakifanya?" au "Ni siku gani alikukasirikia, na ilikuwa kwa sababu gani?" Yule mama wa kufukuza ndege alitueleza kwamba Profesa alimpa daftari lake mwenyewe na kumtaka aandike ndege walifika saa ngapi na upande gani, akalisoma kila Ijumaa na kumuuliza maswali. Hakuna tanzia ya jarida lolote iliyolijua jambo hilo, nasi tulilifahamu kwa kuwa tulikaa naye kwenye benchi nje ya nyumba yake.

Makala ambazo hazijakamilika

Chukueni tahadhari hapa, kwani mapenzi huweza kutupotosha. Kama marehemu alisoma rasimu na akakubali yaliyomo, jina lake libaki mahali pake katika orodha ya waandishi; majarida mengi hukubali, huweka alama ya msalaba mdogo kando ya jina, na kueleza kwamba amefariki. Lakini makala ambayo hakuwahi kuiona, hata kama wazo lilikuwa lake, haifai kubeba jina lake kama mwandishi, kwa kuwa hawezi kuitetea wala kuikataa. Mshukuruni kwa maneno kamili mwishoni, mkitaja ni wazo gani lilitoka kwake, au mtabaruku makala kwake. Takwimu alizoziacha bila kuchapishwa zinaweza kutolewa zenyewe pamoja na ule ufunguo wa vifupisho, kwa idhini ya kituo, ili mtu mwingine azitumie. Huko ni kumheshimu kwa ukubwa kuliko kulazimisha hitimisho ambalo huenda asingelikubali.

Kulitunza jina

Historia ya nchi yetu ina mifano mizuri ya kuigwa. Thomas Risley Odhiambo, aliyesoma Maseno kabla ya kwenda Makerere na Cambridge, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe mwaka wa 1970 na akafariki mwaka wa 2003. Kampasi ya Mbita iliyo kando ya ziwa ina jina lake, na huko ndiko kulikofanyiwa sehemu kubwa ya kazi ya kupambana na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na funza wa mabua kwa kupanda mahindi pamoja na desmodiamu na nyasi za nepia. Mkulima wa Siaya anayelisema jina la Mbita analisema pamoja na suluhisho la shamba lake. Calestous Juma, mzaliwa wa Port Victoria kule Busia, alianzisha kituo cha utafiti wa sera za teknolojia cha ACTS mjini Nairobi mwaka wa 1988, na kituo hicho bado kinafanya kazi baada ya kifo chake cha Desemba 2017. Naye Wangari Maathai, aliyekuwa mwanasayansi wa anatomia ya wanyama kabla ya dunia kumjua kwa miti, alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao. Alipofariki mwaka wa 2011 jeneza lake lilifumwa kwa gugu maji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi. Katika mifano yote mitatu ukumbusho umeshikana na kazi yenyewe.

Wengi hufikiria mfuko wa kusomesha mwanafunzi. Ni wazo zuri, mradi hesabu ifanywe kwanza. Shilingi 600,000 zikiwekwa mahali panapozaa asilimia 10 kwa mwaka hutoa shilingi 60,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 juu ya riba hubaki shilingi 51,000. Hiyo haitoshi kulipa karo ya uzamili, na mkiitumia yote kila mwaka thamani ya mtaji itaendelea kuliwa na kupanda kwa bei. Inatosha, hata hivyo, kulipia usafiri na vifaa vya shambani vya mwanafunzi mmoja, jambo ambalo mara nyingi ndilo linalokwamisha utafiti. Afadhali ahadi ndogo inayotimizwa kila mwaka kuliko tuzo kubwa inayotolewa mara moja kwenye hoteli ya kifahari kisha ikasahaulika. Kikundi kisajiliwe kulingana na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, hesabu zisomwe hadharani, na familia iwe na mwakilishi.

Makala ya Wikipedia ya Kiswahili inawezekana pia ikiwa ameandikwa habari zake na vyombo huru. Isiandikwe na mtoto wake wala na mtu aliye katika mfuko, na isinakiliwe kutoka kijitabu cha mazishi.

Siku ya kumkumbuka

Familia nyingi za magharibi hufanya ibada ya makumbusho baada ya mwaka au zaidi, na siku hiyo ni yao. Nendeni, mketi mtakapoketishwa, na mpeleke nakala iliyochapishwa na kujalidiwa ya madaftari pamoja na masimulizi mliyoyarekodi, mkiikabidhi kwa mjane au kwa mtoto mkubwa mbele ya watu.

Ile siku ya wanasayansi nashauri isifuate tarehe ya kifo. Mwalimu wetu alifariki mwezi ambao mashamba ya Njoro huwa matupu, na mkutano wa ukumbini wakati huo ungekuwa wa maneno tu. Tulichagua siku katika msimu mkuu, ngano ikiwa inajaza punje na kutu ikionekana wazi hata kwa mgeni. Ombeni kibali cha mkuu wa kituo mapema. Wagawanyeni wageni wawili wawili, mwanafunzi mpya na mtu mzoefu, kila mmoja apewe penseli na karatasi yake. Wote wawili wakadirie vitalu vile vile bila kuoneshana, kisha walinganishe. Wanapotofautiana kwa zaidi ya hatua moja, warudi pamoja kwenye mmea, wabandue ala ya jani na kueleza kila mmoja alichokiona. Hivyo ndivyo alivyotufundisha sote, na mgeni mmoja aliyekuwa mhasibu wa kituo alimaliza mistari mitatu akiwa anakubaliana na mwenzake. Hotuba zifupishwe, chai inywewe kwenye kivuli, na karatasi zote zikusanywe na kuhifadhiwa pamoja na madaftari ya mwaka huo, zikiwa na majina ya walioziandika.

Mwisho, waelezeni wageni kabla ya kuondoka kwamba nguo na viatu vilivyoingia vitaluni vifuliwe na kuoshwa kabla ya kuvaliwa katika shamba jingine la ngano, kwa sababu vumbi la kutu husafiri kwenye kitambaa, na wengi wao watakuwa wakielekea Timau au Narok kesho yake.